Mwizi Aliyebadilisha Oili

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki: haya ni kweli tupu, sikuongeza hata chumvi.

Asubuhi moja mkunga alitoka na mkoba wake, akakuta ua mtupu. Gari lake, lililotoka gereji jana yake na injini iliyoundwa upya, limeyeyuka. Inspekta akaja mbio. Mtu yule alikuwa na pua ya kunusa uongo ukiwa bado tumboni.

"Ufunguo?"

"Wangu huu hapa. Wa akiba alibaki nao fundi."

Fundi akabanwa.

"Ufunguo uko wapi?"

"Sijui, afande."

"Hujui, au husemi?"

Akatupwa mahabusu.

Mchana gari likaonekana nyuma ya kinu cha unga kilichofungwa. Zima, safi. Inspekta akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili mpya, inang'aa kama asali! Kando, kwenye beseni, ile iliyomwagwa, na chembe za chuma zikimetameta ndani yake.

"Mwizi gani huyu anayehudumia gari?" akanong'ona.

Muuza mkaa alikuwa ameliona. "Lilipanda kilima likishika kasi, likaachia. Likashuka, likapanda tena. Nikasema dereva kalewa."

Mkunga alipoletewa lile beseni, akaruka. "Langu hili! La kufulia!"

Basi mwizi katoka humo humo nyumbani. Inspekta akamkalisha sebuleni mume wa mkunga, dereva mstaafu.

"Asubuhi ulikuwa wapi, mzee?"

"Kwa kinyozi."

Inspekta akazitazama nywele zilizomfunika masikio. "Kinyozi huyo alikunyoa nini?"

Mzee akazifunika nywele kwa kiganja.

"Fundi analala sakafuni, mzee wangu. Anakulinda wewe."

Hapo mzee akalegea.

"Mwachie kijana wa watu. Ufunguo nilimwomba mimi, nikamsihi asimwambie mtu. Injini mpya haitaki kukimbizwa moja kwa moja. Unaipandisha kasi, unaiachia, unaipandisha, mpaka ringi za pistoni zikae sawa mahali pake. Halafu unamwaga oili ya kwanza na uchafu wake. Mke wangu akiitwa kwa mzazi anakanyaga kama anafukuzwa na nyuki. Injini ile ya zamani ilizima kilimani, mama anajifungua kiti cha nyuma, mke wangu tochi kaiuma kwa meno. Tangu siku ile hapati usingizi."

"Si ungemwambia tu?"

"Daktari kanikataza usukani, kwa ajili ya moyo huu. Nilimwapia mke wangu sitaugusa."

Inspekta, machozi yakimlengalenga, akalichana jalada vipande vipande, akamkumbatia mzee...

"Machozi gani?"

Nikageuka. Mkunga mwenyewe, mkoba begani, kasimama nyuma ya benchi letu la mkahawa.

"Inspekta alitaka kumpeleka mzee wangu mahakamani. Mimi ndiye mlalamikaji, nikakaa mlangoni pake mpaka akachoka kuniona. Hapo ndipo alipomtoa fundi, na kesi ikafungwa. Na mume wangu nikamnyang'anya funguo zote."

"Na gari, mama?" akauliza mmoja wetu.

"Linapanda kilima kama halijaambiwa ni kilima." Akanitazama. "Wewe sebuleni kwangu ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mama."

"Basi chai yangu unalipa wewe. Na ya hawa wote uliowadanganya."

Nikaingiza mkono mfukoni.