Vitambaa Vilivyokwisha Kukatwa

Siku ile tuliamshwa na ukimya. Kwa kawaida mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani kabla hatujafumbua macho, na kanyagio lake lilikuwa na mlio wa kuchechemea ambao sisi watoto tuliuzoea kuliko jogoo. Asubuhi hiyo nilimkuta amesimama katikati ya chumba, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akitazama alama za miguu ya cherehani sakafuni.

Ndugu zangu, baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa dereva mpole, mwenye utani mwingi. Lakini tangu aanze kubeti mpira kwenye simu, hata akila, jicho lilikuwa kwenye matokeo. Na kila mara, kati ya timu zote alizozichagua, ilikuwa ni moja tu iliyomwangusha.

"Baba watoto, cherehani iko wapi?"

"Nimeiweka rehani kidogo tu. Leo jioni, mechi ikiisha, nairudisha."

"Na sare za watoto wa watu?"

"Si uwarudishie vitambaa vyao? Wakitaka, wangoje."

Mama akafunua kikapu. "Nimeshakata."

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, mama hukata vitambaa vya mtaa mzima kwanza, ndipo ashone. Kilichopita kwenye mkasi hakirudishwi kwa mwenyewe. Mama alikuwa amekata juzi yake, mbele ya macho ya baba. Ila baba alikuwa anatazama simu.

Mama akachukua sindano. Alishona kwa mkono kutwa nzima, kikapu miguuni, mlango wazi apate mwanga. Muuza maziwa akachungulia.

"Fundi, hiyo sketi mwanangu ataivaa lini? Akishaolewa?"

"Basi nimwachie nafasi kiunoni," mama akajibu, wakacheka.

Muuza maziwa alipoondoka, mama alikandamiza kichwa kwa viganja. Alikuwa na presha.

"Mama, umekunywa dawa?"

"Zimekwisha. Baba yako amesema atapitia duka la dawa."

Hakupitia. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mechi.

Jioni tulimsikia baba akija mbio, akipiga kelele tangu barabarani: "Mama watoto! Tumeshinda! Timu zote zimejibu!" Alitukuta tumemlaza mama sakafuni, uzi bado umeuzunguka mkono wake. Hakuamka tena.

Cherehani ilirudi siku moja baada ya mazishi.

FUNZO

Wengi husema kamari ni mbaya kwa sababu unashindwa. Baba yangu alishinda. Wewe unayesema utarudisha ulichochukua nyumbani, jua kwamba unapongoja matokeo, wenzako wanabeba mzigo wako, na si kila kitu kitakungoja. Inua macho uwatazame leo.

Cherehani iko mahali pake, juu ya alama zile zile. Nashona mimi. Baba huamka mapema, akakaa mlangoni mpaka asikie kanyagio, ndipo aende kazini.