Chingamu ya Darajani

Hadidja alikuta majivu kwenye chumvi. Kile kisahani cha bati zamani kilikuwa cha sigara za mumewe, lakini tangu Amuri aache kuvuta, yeye alikisugua kwa mchanga, akakipandisha cheo, kikawa cha chumvi. Sasa alichota ili atie kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, vidole vikatoka vya kijivu. Akavinusa. Ilikuwa tumbaku, na majivu yalikuwa bado ya moto.

"Papa Nyota," aliita kwa sauti ya chini, "umevuta?"

"Sikuvuta, mama. Angalia kinywa."

Amuri akafungua mdomo. Chingamu ya dawa ilikuwa imelala kando ya shavu, kama daktari alivyoelekeza: tafuna polepole, ikianza kuwasha iache ipumzike, kisha utafune tena. Mdogo wake Assumani ndiye aliyemletea pakiti ile kutoka Ubelgiji, baada ya daktari kutazama picha ya mapafu na kusema wazi kwamba akiendelea na sigara, binti yake Nyota ataolewa bila baba. Na Amuri, dereva wa lori la Bafwasende, mtu aliyekuwa akiwashia sigara kwa sigara, alishika neno lake. Hadidja alijivunia jambo hilo hadi kwa majirani. Alimwamini mumewe, na ndiyo sababu aliogopa.

Jumamosi, mtaa mzima wa Mangobo ulikuwa nje kwa salongo, watu wakifagia barabara na kuzibua mifereji. Hadidja alirudi ndani kuchukua jembe. Chumbani kulikuwa na mtu anatafuna. Alitafuna polepole, akanyamaza, akatafuna tena, kwa mwendo uleule wa daktari, na kila alipomaliza kunyamaza ilisikika pumzi ndefu ya mtu anayetoa moshi, na moshi wenyewe ukapita chini ya pazia ukazunguka miguu ya Hadidja, unanuka tumbaku na matope ya mto, wakati huohuo akimsikia Amuri huko barabarani akitaniana na majirani.

Jembe hakulichukua. Alikwenda moja kwa moja kumwita mwalimu Yakubu, msomaji wa dua aliyetoa majini katika nyumba nyingi za mtaa ule. Mzee alikuja baada ya alasiri, akaketi, akanusa hewa, akamgeukia Amuri.

"Kule kwa daraja, njia ya Bafwasende, uko namuwachia nini mwenye muto?"

Desturi hiyo kila dereva aliijua. Unawasha sigara, unavuta pumzi ya kwanza, unailaza juu ya chuma cha daraja, unaendelea na safari. Sigara inaisha yenyewe, na deni lako kwa jini mwenye mto linaisha nayo.

"Makaya ya sigara nimeacha, mwalimu. Donc nilimuwachia chingamu. Kipande nilikuwa nimetafuna kidogo."

"Bon. Kisha?"

Amuri alitazama miguu yake. Alikuwa mkono wa birika tangu ujana, na hilo hata watoto wa jirani walilijua. "Wakati ya kurudi niliikuta ingali pale. Dawa iko chache. Nikaibandua, nikaipanguza, nikaitia kwa kinywa."

Hadidja akatazama shavu la mumewe.

"Ulimunyanganya chakula kwa meno yake," Yakubu alinong'ona. "Sasa muko nakula pamoja. Murudishie. Yote, na pakiti yake. Na usikamate tena hata moja."

"Yote? Na miye nitabaki na nini?"

Mzee alifungua kitabu chake cha dua. Alisoma, akapulizia maji kwenye chupa, akampa Hadidja.

Kesho yake walikwenda na lori, mume na mke. Mchana wa jua kali Amuri aliiweka pakiti juu ya chuma cha daraja, akaigandamiza kwa jiwe, na Hadidja akamwaga maji ya dua. Chini yao kitu kilitafuna mara moja, kikanyamaza. Waliporudi, nyumba ilinukia vitunguu na sabuni, na Hadidja akalia kwa furaha.

Ila Amuri sasa hakuwa na dawa. Mikono ilimtetemeka, chakula kilimshinda, akamfokea Nyota kwa jambo lisilo na maana. Alikuwa akienda hadi kwenye meza ya muuza sigara, anasimama, anarudi mikono mitupu. Hadidja alimwombea kila akimwona amerudi.

Jioni moja ya mvua umeme ulikatika. Hadidja akaingia chumbani na taa ya mafuta. Pakiti ilikuwa dirishani, imelowa, na jiwe lake juu. Aliifungua. Kila kidonge cha chingamu kilikuwa kimetafunwa, kina alama za meno madogomadogo, mengi kupita kinywa cha mtu, kisha kimerudishwa katika kishimo chake kwa adabu, kama mtu anayemwekea mwenzake akiba, na vyote vilikuwa vya moto.

"Usiguse," alimwambia Amuri aliyekuwa nyuma yake. "Ninaleta moto, tunaichoma."

"Moja tu, Mama Nyota. Ao nitavuta."

"Usiguse, ninakuomba."

Alikimbia uani akabeba jiko la makaa kwa kanga, mvua ikimpiga. Aliporudi, kishimo kimoja kilikuwa kitupu. Amuri aliketi kitandani, mikono imetulia, shavu limevimba, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu darajani. Alitafuna polepole. Kisha akaipumzisha kando ya shavu, na chini ya kitanda mwingine akaanza kutafuna.