Maji ya Kawaida

Siku ya soko mjini Kwa Vonza huwezi kutembea bila kusukumwa. Kasiva alikuwa ameinama akichagua vifungo vya nguo kwenye turubai la mchuuzi, akasikia watu wakipigiwa kelele watoke njiani. Alipoinua kichwa, alijiona. Alijiona mzima, tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu vyenye vumbi, amesimama hewani katikati ya magunia ya ndengu na mbuzi waliofungwa. Kioo kirefu kuliko mlango wa kanisa kilikuwa kinapitishwa sokoni na wanaume wanne, na kilikuwa kimekwama mbele yake.

Kasiva hakuhama. Alikaza kitambaa, akajigeuza upande, akatazama jinsi rinda lake la kitenge cha buluu, alilolishona mwenyewe, lilivyomkaa kiunoni.

"Dada, umemaliza kujiangalia?" sauti ikatoka nyuma ya kioo. "Hii kitu iko na uzito."

"Kwani nimekushikia? Pita."

"Nitapitaje na wewe uko ndani?"

Watu wakacheka. Kasiva akachungulia, na hapo ndipo alipoona uso wa mwanamume nyuma ya uso wake mwenyewe, jasho linamtiririka, anatabasamu kama mtu asiyebeba kitu.

"Unajenga duka gani la kioo kubwa hivi?"

"Si duka. Ni bahari."

"Bahari ya wapi?"

"Ya sitting room yangu. Ukitaka kuogelea ukuje."

Kasiva alicheka akiziba mdomo kwa kiganja, kama alivyozoea, maana meno yake yalikuwa na rangi ya chai.

Mwanamume huyo alikuwa Kanyi, fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu, mtu wa Nyeri aliyekuja Kwa Vonza kufuata majengo mapya. Kabla ya hapo alikaa Mombasa akimfanyia kazi tajiri mmoja aliyekuwa akitengenezea hoteli matangi ya samaki. Kesho yake alifika kwenye cherehani ya Kasiva na suruali mkononi.

"Nipunguzie."

Kasiva akaipima. "Hii inakutosha."

"Punguza tu."

"Nikipunguza itakuwa kaptula."

"Basi iwe kaptula. Nitakuwa nimekaa hapa kidogo."

Alikaa mpaka jioni. Siku iliyofuata akaleta shati lisilo na tatizo lolote. Soko zima lilijua kabla Kasiva hajakubali mwenyewe kwamba alikuwa anamngoja.

Ile bahari, yaani tangi la samaki, haikuwa mchezo. Kanyi alichomelea meza ya chuma yenye miguu minene, akamwaga zege chini yake ili sakafu isipasuke. Vioo vyenyewe vilikuwa na unene wa kidole gumba. Akaviunganisha kwa gundi nyeusi, akakataza mtu kupiga chafya karibu. Mara ya kwanza walipojaza, kona moja ililia machozi. Kanyi akaketi chini, mgongo ukutani, maji yakimlowesha. Kasiva hakumwambia pole. Alileta ndoo. Wakayatoa maji pamoja, wakakwangua gundi, wakaanza tena.

Ni Kasiva aliyeosha mchanga mweupe wa tangi, beseni kwa beseni, mpaka maji yakatoka safi. Ni yeye aliyeshona pazia jeusi la kuweka nyuma. Kanyi akachanganya maji ya mvua na chumvi maalumu ya gunia, akapanga mawe ya baharini, akawasha pampu, kisha akakunja mikono.

"Samaki wako wapi?" Kasiva akauliza.

"Bado. Hii maji lazima iive kwanza."

"Iive kama muthokoi sufuriani?"

"Kama uji ya kuchacha. Ukiharakisha, inaua."

"Na mimi je? Mwaitu anauliza wewe utaiva lini, uje nyumbani kwetu."

Kanyi akamshika mkono aliokuwa ameuinua kuziba mdomo, akaushusha taratibu. "Hii maji ikitulia, samaki wakizoea, naenda kwa mama yako. Sitaki kwenda kama mtu ameshindwa na kazi yake."

Basi Kasiva akawa na kitu kimoja tu cha kuombea: samaki waishi.

Wakafika kutoka pwani ndani ya mifuko ya plastiki iliyovimba hewa. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mishipi meupe. Wengine wadogo wa buluu waliokuwa wakikimbia pamoja kama watoto wa shule. Na mmoja wa njano, mpana, ambaye hakuacha kufungua na kufunga mdomo. Huyo Kasiva alimwita Mchungaji. Pakawa na ua la baharini, laini, lenye vidole vilivyokuwa vikipunga. Usiku kucha nyumba ilinguruma kwa pampu, na Jumapili baada ya ibada watu walipanga foleni mlangoni na viatu mkononi.

"Siku moja nitawakaanga hawa," Kasiva alikuwa akiwaambia wageni. "Na kitunguu na dania. Mchungaji nitamwekea limau."

Wote walikuwa wakicheka, Kanyi kuliko wote.

Mvua za mwaka huo hazikuja. Wakati huohuo mwenye hoteli mmoja wa Kibwezi akaona picha ya lile tangi kwenye simu, akataka lake, kubwa zaidi. Kanyi akaenda. Aliacha funguo kwenye kiganja cha Kasiva, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

"Siva wangu, umeamka?" akapiga simu baada ya siku chache.

"Niliamka zamani. Ni wewe unalala Kibwezi mpaka jua ikuchome."

"Samaki wanasemaje?"

"Mchungaji anahubiri. Lakini maji imeshuka, Kanyi. Kioo imeacha mstari mweupe."

"Ni jua. Maji inapanda hewani. Ongeza."

"Na ile chumvi ya gunia?"

"Usiguse. Chumvi haipandi hewani, inabaki. Wewe weka maji ya kawaida tu."

"Ya kawaida?"

"Ya kawaida, mami. Mtungi moja kila asubuhi."

"Haya. Unakuja lini?"

"Wikendi. Niko na neno na mama yako."

Sasa sikiliza. Kule alikozaliwa Kanyi, maji yanatoka mlimani, na maji ya kawaida ni hayo, baridi na yasiyo na ladha. Kwa Vonza maji ya kawaida ni ya kisima cha mashini, yanayoletwa na punda. Yana chumvi. Yanaacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, sabuni haitoi povu, na ndiyo yaliyomtia Kasiva meno rangi ile ya chai tangu utotoni. Maji ya mvua yana jina lake. Ni maji matamu, na huwekewa mgonjwa, mtoto mchanga na mgeni. Hakuna mtu mwenye akili anayeyaita ya kawaida wakati wa kiangazi.

Kasiva alimwita Nthiwa wa punda.

"Mtungi mwingine?" Nthiwa akamuuliza siku ya tatu. "Unaoga mara ngapi wewe?"

"Ni ya samaki."

"Hao samaki wanakunywa kuliko punda yangu."

Alimimina polepole, asiwashtue. Na lile tangi la plastiki nyuma ya nyumba, lenye maji ya mvua ambayo Kanyi alikuwa akichota mwenyewe alfajiri kabla yeye hajafika, alilitia kufuli mferejini. Alitaka mwanamume wake akirudi apate chai nzuri.

Kanyi hakuja wikendi hiyo. Wala iliyofuata. Kazi ya Kibwezi ilivuta mwezi, ikavuta mwingine. Kasiva akaendelea kumimina. Ua la baharini likakunja vidole, likawa kama soksi iliyotupwa. Akapiga simu, akamweleza.

"Stima ilipotea, pampu ikazima?" Kanyi akauliza, nyundo zikilia nyuma yake.

"Ilipotea juzi."

"Ndiyo hiyo basi. Watapona. Wacha nikupigie jioni."

Jioni hakupiga. Wale wadogo wa buluu walikufa kwanza, wakafuata wa rangi ya chungwa. Kasiva alikuwa akiwatoa kwa kichujio cha chai, anawazika kando ya ukuta, anarudi kuosha mikono na kulia. Alimpigia tena, na safari hii Kanyi akasema anakuja. Mchungaji alikufa asubuhi ya siku aliyofika, mdomo wazi.

Ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wametoka ibadani, wengine wamesimama mlangoni kama desturi. Kanyi aliingia na begi begani, hakumsalimu mtu. Alichota maji kwa kile kipimo chake cha chumvi chenye sindano. Sindano ikapanda, ikapita alama.

"Uliweka chumvi."

"Sikuweka."

"Siva, sindano haidanganyi."

"Gunia ndio ile. Iangalie, imefungwa vile uliacha."

"Basi hii imetoka wapi? Nilikuambia maji ya kawaida."

"Ndio niliweka. Kila asubuhi, Kanyi. Hata nikiwa mgonjwa."

"Ulisema utawakaanga."

Kasiva akatazama watu mlangoni. "Nilikuwa nacheza. Wote wanajua nilikuwa nacheza."

"Ulichoka kungoja, si ndio? Ungeniacha mimi. Ungeniambia hunitaki, nielewe. Hawa walikukosea nini?"

"Kanyi."

"Nipe funguo."

Alimpa. Alipita katikati ya wale watu akiwa na rinda lake la ibada, la waridi, lenye madoa ya maji magotini, na hakuna aliyemgusa bega.

Maneno hayachelewi Kwa Vonza. Kwanza ilikuwa wivu. Kufikia siku ya soko ilikuwa dawa, kwamba alitia dawa ndani ya maji amfunge mwanamume, ikawashinda samaki. Wateja wakachukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Kanisani mama yake alibaki peke yake kwenye benchi ambalo lilikuwa likikaliwa na watu watano.

"Mwanangu, niambie mimi," mama akasema. "Uliweka nini?"

"Maji, mwaitu."

Mama akanyamaza. Ukimya huo ndio uliompeleka Kasiva Makindu, kwa shangazi yake Mwongeli, kushona sare za shule kando ya barabara ya Mombasa. Huko hakuna aliyemjua. Alishona kutwa, malori yakitikisa sindano, na usiku aliirudia kila asubuhi aliyomimina, akitafuta kosa asilipate. Alianza kuamini kwamba huenda kweli ana mkono mbaya.

Siku moja ya joto shangazi alimtuma kupeleka sare, na njiani kiu ikamshika. Akaingia hoteli ndogo iliyojaa wasafiri.

"Niletee maji."

"Ya kawaida ama ya baridi?" mhudumu akauliza, tayari anaangalia meza nyingine.

"Ya kawaida."

Akaletewa chupa iliyofungwa. Kasiva alikunywa funda moja, akasita. Yalikuwa matamu. Matamu kama ya mvua.

"Hii ndio ya kawaida?"

"Ndio, madam. Ama ulitaka ya baridi?"

Akilini aliona mtungi wa Nthiwa. Aliona kufuli kwenye mfereji. Akaweka chupa mezani kwa mikono miwili, akatoka nje, akapiga ile namba ambayo alikuwa ameifuta lakini vidole vilikuwa vinaijua.

"Siva?" Kanyi akashika haraka.

"Ilikuwa maji ya kisima. Uliposema ya kawaida, mimi niliweka ya kisima. Kwetu hiyo ndio ya kawaida, Kanyi. Ile tamu nilikufungia ya chai." Akavuta pumzi. "Sikujua. Nimejua saa hii."

"Najua," Kanyi akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua. Nilikuwa nasafisha tangi, Nthiwa akaleta mtungi, akaniambia ndio ile ulikuwa ukinunua ya samaki. Nikaonja."

"Lini?"

"Muda kidogo."

"Lini, Kanyi?"

"Kabla hujaenda Makindu."

Lori likapita. Kasiva akangoja lipite lote, na tela lake.

"Na hukunipigia."

"Niliona aibu. Ningekuambia nini, baada ya vile nilikuambia mbele ya watu? Nilikuwa nashika simu, naweka. Siva, sikiliza. Tangi imesimama tena, maji inaiva. Rudi. Nitakuja kwenu hata kesho, nitakuja na wazee kutoka Nyeri."

"Watu uliwaambia?"

"Watu gani?"

"Wa Kwa Vonza. Wa kanisa. Mwaitu, anakaa kwa benchi peke yake. Ulimwambia?"

"Bado."

Alikuwa amemsamehe samaki, amemsamehe funguo, hata ile Jumapili. Hilo neno moja, bado, alikosa pa kulishika.

"Nenda umwambie," akasema. "Usiende na wazee, usiende na sukari. Nenda umwambie tu." Akakata.

Kanyi alikwenda. Sifa hiyo apewe. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema yote, sauti ikimkauka, kisha akamfuata mama mpaka nyumbani. Mama akapiga simu Makindu.

"Yuko hapa," akanong'ona. "Amesema mbele ya watu wote. Wamenishika mikono, Kasiva, wamelia. Sasa anakuomba urudi. Amekaa hapo kwa kiti, hata chai amekataa. Nimpe simu?"

"Hapana."

"Mtu amekuja na miguu yake."

"Nimeona, mwaitu."

"Bado unampenda?"

"Sana."

"Basi nimwambie nini?"

Kasiva alitazama sare zilizopangwa mbele yake, kola zote zimegeukia upande mmoja. "Mwambie nimesikia."

"Umesikia, halafu?"

"Nimesikia tu."

Mama hakuwahi kujifunza kukata simu. Aliiweka mezani kama kawaida yake na kumwachia jirani aje aizime. Kasiva naye hakukata. Aliibana sikioni, akamsikia mama akisema, "Amesema amesikia." Kuku akapita akiita vifaranga vyake.

"Haya, mama," Kanyi akasema. Sauti yake ilikuwa ileile.

Kiti kikasogea. Nyayo zikaenda, zikasimama, kama mtu aliyesahau kofia, kisha zikaenda tena. Kasiva aliendelea kusikiliza uwanja mtupu mpaka salio la mama likaisha.