Usiguse Waya

Watu wakinisikia nasimulia hili wanacheka. Wacheke. Halikumpata mtu baki, lilimpata kaka yangu wa tumbo moja, mpiga video wa harusi, na mimi nilikuwepo.

Mkewe alifia hospitalini wakati kaka yuko kazini, anawapiga video maharusi wa watu. Kaka alikuwa amemwahidi mkewe kurudi saa tisa, akarudi jua limezama. Tangu hapo jambo moja tu lilimtafuna: shemeji aliondoka na kinyongo, au alimsamehe?

Picha za video za shemeji zilibaki kwenye kanda moja ya zamani. Jumapili mchana kaka akaniita nimsaidie kuzihamishia kwenye tableti. Kazi nyepesi. Unachomeka waya wa kamera kwenye kidude cha kupokea picha, kidude unakichomeka kwenye tableti, unafungua programu, basi. Tukaiweka kamera mezani, imeelekea kochi, nikaiwasha.

Shemeji akatokea kwenye kioo cha tableti, ameketi kwenye kochi, kavaa gauni lake la buluu.

"Huyo hapo," kaka akanong'ona. Machozi yakamtoka. "Mdogo wangu, hebu ongeza sauti."

Nikaongeza, kisha nikaigeukia kamera nione kanda imezunguka kiasi gani. Ndani kulikuwa kutupu. Kanda ilikuwa mkononi mwangu, sikuwa nimeiweka.

Na swichi niliiacha upande wa kurekodi. Uzembe tu, kila fundi umeshamkuta. Ukifanya hivyo, tableti haikuonyeshi ya zamani. Inakuonyesha kilicho mbele ya kamera, saa hiyo hiyo.

Nikatazama kochi. Hakuna mtu.

Nikatazama tableti. Yupo. Anamwangalia kaka.

"Usiguse waya," kaka akasema polepole. Kumbe ameshajua. Akakiinamia kioo. "Mke wangu, siku ile nilichelewa. Ulinikasirikia?"

Shemeji akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Nikachomoa waya.

Niliogopa, nifanyeje? Mkono ulienda wenyewe. Kaka hakunipiga wala hakunitukana. Alifunika uso kwa viganja akalia, na mimi nikasimama pale nimeshika waya kama mjinga. Baadaye tulichomeka tena na tena, kochi tupu. Ningevumilia sekunde tano tu, angejibiwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki iliyofuata nikaifungua tableti peke yangu. Programu ilikuwa imerekodi. Video inafika pale nilipochomoa waya, na haikatiki. Sasa inaonyesha chumba kutoka upande wa kochi. Inainuka, kama mtu anayesimama. Inaingia jikoni. Inaingia chumbani. Inarudi sebuleni.

"Mume wangu?" sauti ya shemeji inaita. "Mbona sikuoni?"

Kaka yuko pale pale mezani, kafunika uso, analia. Picha inampita. Inarudi, inampita tena.

Juzi kaka kaniuliza kama siku ile kuna chochote kilichobaki kwenye tableti. Nimemwambia hakuna.