Ubongo Ndani ya Chupa ya Maji

Chupa ya maji haina ubongo. Kulijua hilo hakuhitaji shule, ingawa Fundi Picha alikuwa ameisomea kazi yake miaka mitatu. Lakini Jumanne ile, saa mbili kasoro asubuhi, chupa yake ilikuwa na ubongo.

Kila siku, kabla mtu hajalazwa ndani ya mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, Fundi aliijaribu kwanza. Aliweka chupa nene iliyojaa maji mahali pa kichwa, akahamia chumba cha pili nyuma ya kioo, akapiga picha. Likitoka duara jeupe lisilo na doa, mashine ni nzima. Kazi inachosha kuliko kusubiri maharage yaive, kwa hiyo alijizoesha kuifanyia utani. Chupa aliiita Mheshimiwa. Alibonyeza kipaza sauti na kusema, "Karibu ndani, Mheshimiwa. Jisikie uko kwako." Wenzake walicheka mpaka wakazoea. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha, na chumba kitupu si mahali pa kukaribisha usiyemwona.

Asubuhi hiyo ndani ya duara kulikuwa na mikunjo. Fundi akamwita Daktari, mkuu wa utafiti.

"Picha ya jana imebaki kwenye kompyuta," Daktari akasema bila hata kuketi. "Rudia."

Akarudia. Mikunjo ikakolea, ikagawanyika pande mbili, kushoto na kulia.

"Daktari, haya ni maji tu."

"Na mimi nina watu arobaini wa kupima, nimebakiza mmoja. Zima, washa, tuendelee."

Huyo mmoja alikuwa Kitinda, mdogo wake Fundi. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka minne, na tangu hapo Fundi ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akakesha naye kila homa. Hakuwa na mtoto mwingine wala hakutaka kuwa naye. Na Fundi mwenyewe ndiye aliyemwomba aje kujitolea kupimwa.

Akazima, akawasha. Safari hii chupa ilitoa duara safi. Hapo ndipo alipopaswa kuogopa zaidi, maana kilichokuwamo kimekwenda wapi? Moyo ulimwambia amrudishe binti nyumbani. Lakini Daktari alikuwa nyuma yake akitazama saa, naye alikosa maneno ambayo mtu mwenye akili zake angeyasema kazini. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa kosa lake la pili.

"Dada, mbona humu kunanuka udongo wa mvua?" Kitinda aliuliza akijilaza.

"Dawa ya kusafishia," Fundi akadanganya. Akamvua hereni, akambana kipimo cha moyo kidoleni, akampa kipira cha kubonyeza akizidiwa na hofu.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Mtu anaulizwa swali. Jibu likiwa ndiyo, anawaza tu kwamba anapiga makofi, bila kusogeza hata ukucha, na sehemu ya ubongo inayoamuru mikono inawaka nyekundu kwenye skrini. Likiwa hapana, anatulia, na skrini inabaki ya kijivu. Daktari alitumaini siku moja kuzungumza na wagonjwa waliolala kitandani miezi bila neno.

Mashine ikaanza kugonga.

"Una miaka ishirini na mbili?" Fundi aliuliza. Kijivu.

"Amesahau umri wake huyu," akanong'ona. "Umeolewa?" Nyekundu.

"Ameolewa lini? Daktari, huyu hajaolewa."

"Endelea," Daktari akasema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Una... una zaidi ya miaka mia?"

Skrini ikawaka, na wakati huohuo mashine ikasimama yenyewe, lakini kugonga hakukusimama, kukaendelea taratibu kutoka ndani ya ukuta, na ile harufu ya udongo ikapenya hadi upande wao wa kioo ambako haikuwa na njia ya kupita, na Fundi akauvuta mlango kwa mikono miwili, akauvuta na Daktari naye, ukakataa, huku kipimo cha kidoleni kikionyesha moyo wa mtoto wake ukishuka, sitini, hamsini, arobaini na tano, na kipira kikiwa kimelala mkononi mwake bila kubonyezwa.

Akarudi kwenye kipaza sauti.

"Wewe ndiye niliyekukaribisha?" Nyekundu.

"Utatoka?" Kijivu.

"Nakuomba. Utatoka ukipewa kitu?" Nyekundu.

"Uhai wangu?" Kijivu.

"Kitu changu kingine?"

Wekundu ukatapakaa kichwa kizima.

"Usiahidi!" Daktari akamshika mkono. "Muulize kwanza ni kitu gani!"

"Anajibu ndiyo na hapana tu, Daktari! Nitataja vingapi? Tazama moyo wake!" Ulikuwa umefika thelathini. Fundi akainama mdomo ukagusa kipaza sauti. "Chukua. Chochote nilicho nacho, chukua. Niachie mtoto wangu."

Kule ndani yakasikika makofi, matatu, ya polepole. Mikono ya Kitinda ilikuwa imetulia tumboni, wote wawili waliiona.

Kisha harufu ikaisha. Mlango ukafunguka wenyewe, moyo ukapanda, na Kitinda akakohoa na kujiburuta nje ya mashine akilia. Daktari, ambaye siku za kazi hakuwa na dini, alikuwa anasali kwa sauti.

Binti akakimbia bila viatu, akamrukia Fundi shingoni. "Dada! Nilikuita, sauti haikutoka! Nilikuita wewe tu, Dada!"

Fundi alisimama mikono ikining'inia. Kisha akampigapiga mgongoni kwa upole, akamsogeza kidogo ili amwone usoni, akamtazama kwa makini, na kumpa tabasamu lake la kazini.

"Pole sana, binti. Imekwisha," akasema. "Kuna ndugu yako yeyote aliyekuleta?"