Usukani wa Upande wa Abiria

Usukani ulikuwa na joto. Agafia aliugusa asubuhi ile ya Septemba, ndege ikiwa imelala nje usiku kucha na vioo vyake vimeganda barafu, akaurudisha mkono haraka. Lilikuwa joto la kitu kilichoachiwa sasa hivi na kiganja cha mtu.

"Evon, nani alikuwa humu?"

"Panya," mumewe alijibu kutoka chini ya bawa, alikokuwa akikwangua barafu. "Kasikia umehitimu, naye anataka leseni."

Kejeli hiyo ilikuwa na asili yake. Mwezi uliopita Agafia alikwenda mjini siku mbili kusoma kozi ya wake na ndugu wa marubani: rubani akizimia angani, abiria afanye nini. Evon alicheka mpaka akakohoa, lakini ni yeye aliyemwandikisha. Tatizo, ndege yao ya viti vinne haikuwa na usukani wa upande wa abiria. Evon aliung'oa zamani ili magunia ya samaki yapate nafasi. Kwa hiyo akapanda milimani kwenye mabaki ya ndege iliyoanguka na kumuua rubani wake miaka kumi na moja iliyopita, akafungua usukani wa kule, akaufunga kwenye ndege yake. Huku Alaska, kando ya Mto Kuskokwim, mabaki ni duka la wote, na hakuna anayeona haya kuokota kipuri.

"Yule rubani wa kule ulimpa maji?" Agafia aliuliza akipanda.

"Nilikuwa na kahawa tu. Na kahawa nilikuwa naitaka mwenyewe."

"Evon!"

"Mke wangu, mtu kafa miaka yote hiyo, bado ana kiu?"

Wafu wana kiu. Myupiki, mwenyeji wa asili wa huku, hafundishwi hilo ukubwani: ukichukua kitu cha marehemu unammwagia maji, hata tone, na unamwambia anywe. Evon alilijua vizuri. Siku ile theluji ilikuwa inakaribia, akafanya haraka, na haraka haraka haina baraka.

Waliruka kwenda mjini, Agafia akang'olewe jino. Dakika ya kumi alisikia harufu ya nywele zilizoungua, iliyochanganyika na udongo uliolowa.

"Unasikia harufu?"

"Ni jino lako hilo," Evon alisema. "Funga mdomo, utaniua kabla hatujaf—"

Hakumaliza. Kichwa kilianguka mbele, kifua kikaulalia usukani, na pua ya ndege ikainama kuelekea mto.

Agafia alipiga yowe moja tu. Kisha mikono ikafanya ilichofundishwa: akamvuta Evon kwa bega, akamkaza mkanda, akakisukuma kiti chake nyuma ili asiuegemee tena usukani. Akashika wa kwake, akaipandisha pua polepole mpaka ikalingana na mstari wa mbali wa mbingu. Akamgusa mumewe shingoni. Mshipa ulikuwa unapiga, kwa shida, lakini unapiga. Akimfikisha hospitali upesi, atapona. Hakuna mwingine wa kumfikisha.

Akabonyeza redio, akaomba msaada kwa sauti asiyoitambua.

"Dada, nimekusikia," mwanamke alijibu kutoka mjini. "Naitwa Verna. Mabawa yako sawa?"

"Yako sawa. Mume wangu anakufa, Verna."

"Mabawa yako sawa, basi unarusha ndege. Kazi umeshaianza. Fuata mto, mimi nipo."

Ndipo akasikia, ndani ya vile vile vipokea sauti masikioni, mtu akimeza mate makavu.

"Kushoto," ikasema sauti ya kiume.

Haikuwa na mikwaruzo ya redio. Ilikuwa karibu mno.

"Verna, nani huyo?"

"Nani yupi? Tuko wawili tu hapa, dada."

Usukani ukaanza kwenda kushoto wenyewe, na Agafia akauvuta kulia kwa nguvu zake zote, akahisi chini ya viganja vyake vidole vingine, vigumu, vya moto, vimeshika pale pale aliposhika yeye, na ndege ikazidi kulala upande, na milima ya mashariki ikaja mbele ya kioo, myeusi, imevaa mawingu, na Verna akawa anapiga kelele kwamba anageuka, kwa nini anageuka, na lile koo kavu likameza tena, na tena, mpaka Agafia akajua ni kiu.

Akaachia mkono mmoja, akaing'ata chupa yake ya maji ikafunguka, akaimimina yote juu ya usukani.

"Kunywa," alinong'ona huku analia. "Tusamehe. Kunywa."

Vidole vikalegea. Ndege ikanyooka.

"Unataka nini kwetu?"

"Nimechoka na baridi ya kule," sauti ikasema, sasa imelainika. "Nataka kushuka."

"Basi shuka nasi! Tufikishe salama, twende wote nyumbani."

"Umesema wewe, mama."

Uwanja ukatokea. Verna akamwongoza: punguza mafuta kidogo, kidogo tena, tazama mwisho wa uwanja, usitazame chini. Agafia alipunguza kama alivyoambiwa, na mikono ile ilirudi juu ya yake, mitulivu kabisa, na magurudumu yakagusa ardhi bila kishindo.

"Dada!" Verna alilia kwa furaha. "Hata wazoefu hawatui hivyo! Kaa hapo, madaktari wanakuja."

Injini ikazimika. Evon akafumbua macho.

"Evon! Evon wangu, tumefika!" Agafia alimkumbatia, akambusu paji la uso, akacheka na kulia kwa pamoja. "Nilidhani nimekupoteza."

Yeye alikuwa anaitazama mikono yake. Aliigeuza, akakunja vidole na kuvikunjua, kama mtu anayejaribu glavu mpya. Kisha akamtazama mkewe kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyempa lifti.

"Asante, mama," alisema. "Mungu akuzidishie."

Wakati ule ule redio ilikwaruza, upepo mkali ukavuma ndani yake, na nyuma ya upepo, mbali, sauti aliyolala nayo miaka kumi na tisa ikaita.

"Agafia? Agafia, mbona niko peke yangu? Theluji imenifika kifuani. Nani amekaa kwenye kiti changu?"

Alifungua mdomo ajibu. Mtu aliyeketi kando yake akanyoosha mkono, taratibu, akazima redio.