Sketi ya Intavyuu

Kila jioni Nyanjige alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufungia ndama na kuuliza maswali. Hiyo ya tatu hakutumwa na mtu. Msichana huyu wa darasa la sita, pale Nkololo, alitaka kujua ndani ya kila kitu kuna nini.

Wiki hiyo maswali yalimwandama dada yake, Jenifer, aliyeitwa kwenye intavyuu ya ukarani katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba mjini Bariadi. Kwa nini mtu aangaliwe nguo wakati anatafuta kazi ya kuandika? Jenifer alimjibu kwamba watu huanza kukutazama unapoingia mlangoni, kabla hujafungua mdomo. Pesa ya nguo ilikuwa ndogo, ya kuku waliouzwa, basi mama yao, Milembe, akasema waanze na vilivyomo nyumbani. Shati jeupe la sekondari likafumuliwa nembo. Viatu vya shule vikapigwa kiwi. Ikabaki sketi tu.

Waliipata mnadani, kwenye rundo la mitumba: nyeusi, nzito, kama mpya. Nyanjige aliigeuza ndani nje, akaona pindo pana ajabu, akamuuliza muuzaji kwa nini kitambaa chote hicho kimefichwa. Muuzaji alicheka, akasema hiyo ni akiba ya mwenye miguu mirefu.

Alasiri ya kuamkia intavyuu, Jenifer alikwenda kusuka. Nyanjige akaona amfurahishe. Alitia mkaa kwenye pasi, akaupepea hadi ukakolea, akaikandamiza sketi kama anavyofanya kwa sare yake. Kwao wanalima pamba na kuvaa pamba, wala hakuwahi kufikiri kwamba kuna nguo isiyo ya pamba. Harufu ya plastiki ikampanda puani. Alipoinua pasi, mbele ya sketi palikuwa na tundu.

Akiikunja vizuri, tundu likae ndani, nani atajua? Jenifer ataivaa alfajiri gizani, akimbilie gari. Aliikunja kweli, akaiweka juu ya sanduku, akasimama kuitazama. Akilini akamwona dada yake akiingia mlangoni kule kiwandani, watu wakimtazama kabla hajafungua mdomo. Roho ilimuuma. Akaichukua, akamfuata mama yake uani, alikokuwa akianika michembe ya viazi vitamu.

"Mayu, nimeunguza sketi ya dada," alisema huku akilia. "Nilitaka kuificha."

Mama hakumpiga. Aliinyoosha sketi kwenye mwanga, akauliza sasa wafanye nini, maana pesa imekwisha na mnada ni wiki ijayo.

Nyanjige alifuta kamasi. Akaigeuza sketi ndani nje. "Kitambaa kingine kimo humu, mayu."

Fundi Mwandu, jirani yao, alikata lile pindo, akashona mfuko juu ya tundu na mwingine upande wa pili ili pande zifanane. Jenifer aliporudi, Nyanjige alimweleza mwenyewe. Alikasirika, akamnunia mdogo wake hadi ugali ulipoletwa. Baadaye aliijaribu, akatia mikono mifukoni, akajigeuza mara kadhaa. Akasema angalau sasa ana pa kuweka kalamu.

Siku simu ilipopigwa kwamba Jenifer amepata kazi, mama aliwaita wote wawili.

"Nyanjige, siku ile ulipokuja kuniambia, jua lilikuwa bado lipo na fundi hajafunga," alisema. "Ungenyamaza, tungeliona tundu alfajiri, na hapo hata mimi nisingekuwa na msaada. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

Nyanjige aliitikia kwa kichwa. Jenifer aliingia ndani, akatoka na sketi mkono mmoja na pasi mkono wa pili.

"Kesho naripoti kazini," alimwambia mdogo wake. "Nipigie pasi."

Nyanjige aliipokea sketi kwa mikono miwili. Akalowesha kipande cha kanga, akakitandaza kwanza juu ya sketi, ndipo akaenda kutafuta mkaa.